Damu Nayo Iandikwe Daftarini

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya akina mama wa kikoba chetu hapa Tanga. Waliokuwa safarini, waliouguza na waliokosa nauli wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa ile michoro ya ubaoni.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mama zangu mlionizidi umri, shikamooni. Wanangu, marahaba.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze aliniambia nichague mada mwenyewe. Lakini mada mmeshanichagulia nyinyi. Ndani ya mwezi mmoja wanawake watatu wa kikoba hiki wameniita pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akinong'ona, na wote wameniuliza swali lile lile. Mkononi kila mmoja alikuwa na kichupa cha vidonge vyeupe, vitamu kama sukari, vidogo kama punje za mtama. "Dada mkunga, naambiwa hivi vinakausha damu na kuyeyusha uvimbe wa kizazi. Ni kweli?"

Watatu hao wameketi humu ndani na hakuna anayemjua mwenzake. Sitawataja. Ila nataka mjiulize: kwa nini watatu wanaoketi mkeka mmoja kila Jumamosi, wanaojuana hisa zao na madeni yao, hawajui kwamba wanaumwa ugonjwa mmoja? Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Leo hatufichi. Wanaume hawamo humu, watoto wako nje, mlango umefungwa. Tuzungumze.

Nianze na daftari. Kikoba hiki tunaandika kila kitu. Mtu akichelewa dakika tano, faini inaandikwa. Mtu akilipa pungufu ya shilingi mia mbili, inaandikwa. Je, damu yako umeiandika wapi? Ukiniambia "natoka damu nyingi", nyingi ni ngapi? Kwa siku ngapi? Pedi ngapi? Mwezi uliopita ilikuwaje, na mwezi wa kabla ya huo?

Kimya. Nilijua kitakuwa kimya, maana hata mimi nilipokuwa msichana sikuandika.

Basi sikilizeni hesabu. Mwanamke wa kawaida, katika siku zake zote za mwezi, hupoteza damu ya vijiko vya chai sita hadi nane. Mnashangaa? Ni kidogo hivyo. Kinachofanya ionekane nyingi ni kwamba damu ikishika kitambaa hutanda. Madaktari kwa miaka mingi wamehesabu kuwa ikifika mililita 80, yaani vijiko vya chai 16, hiyo imezidi. Hakuna anayekwenda chooni na kijiko, kwa hiyo tazameni alama hizi. Siku zako zinapita saba. Unabadilisha pedi kila saa moja au mbili. Unavaa pedi mbili, au pedi na kitambaa juu yake. Unaamka usiku kubadilisha, na shuka umeshalichafua. Unatoa mabonge makubwa kuliko sarafu. Hutoki nyumbani siku ya pili ya mwezi kwa kuogopa kuinuka kwenye kiti mbele za watu. Alama moja tu kati ya hizo yatosha kukufanya uende ukapimwe.

Kulikuwa na mshonaji mmoja mtaani kwetu, fundi wa magauni ya harusi. Alikuwa na kiti chake peke yake, kimefunikwa khanga nyeusi iliyokunjwa mara nne, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia. Sote tulidhani ni maringo ya fundi. Siku moja nilikwenda kuchukua nguo nikamkuta ameegemea cherehani, midomo imepauka kama karatasi. Nikamuuliza umekula? Akafungua droo akanionyesha: udongo. Pemba za udongo zimejaa droo nzima, anatafuna kuanzia asubuhi hadi usiku. Nikamkamata mkono nikampeleka kupimwa. Damu yake ilikuwa tano. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi, na chini ya nane tunahesabu ni upungufu mkali. Yeye alikuwa na tano, na alikuwa akipanda ngazi, anapika, anashona hadi saa sita za usiku. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Mama yangu alikuwa hivi, na bibi yangu alikuwa hivi. Nilijua ndiyo hedhi yenyewe."

Nimelibeba neno hilo miaka mingi. Nilijua ndiyo hedhi yenyewe! Mangapi mengine tumerithi kwa mama zetu tukadhani ndiyo desturi ya mwili, kumbe ni ugonjwa uliokosa wa kuupima?

Na kwa nini mtu mwenye damu tano anaendelea kutembea? Kwa sababu deni lilikuja taratibu. Hili mtalielewa upesi, nyinyi ni watu wa mikopo. Kila mililita mbili za damu zinatoka na karibu miligramu moja ya madini ya chuma. Mwili wako, hata ukila vizuri, unaingiza miligramu moja au mbili kwa siku, basi. Fanya hesabu ya mwezi: umeingiza 30, ukijitahidi sana 60. Mwenye kupoteza mililita 200 kila mwezi ametoa 100. Mwezi huu umekopa, mwezi ujao umekopa, na riba unailipa kwa moyo kwenda mbio, kwa kizunguzungu, kwa kuhema ukipanda kilima, kwa nywele kukatika, kwa hamu ya udongo na barafu. Dawa yoyote inayosema inatibu damu nyingi lazima ionyeshe imefanya nini kwenye daftari hilo. Naomba mlishike neno hili, maana ndilo nitakalopimia vile vidonge vyeupe.

Sasa fibroidi, yaani huo uvimbe wa kizazi mnaoniuliza, ni kitu gani?

Ni uvimbe unaoota katika nyama ya mji wa mimba wenyewe. Nyama ile ile inayosukuma mtoto wakati wa uchungu, sehemu yake moja inajikunja na kukua kama fundo. Unaweza kuwa nalo moja au mafundo ishirini. Dogo kama harage au kubwa hadi watu wakakupongeza kwa mimba usiyokuwa nayo. Si saratani, na ni nadra mno kukuta saratani iliyojificha kwa sura hiyo. Halikuja kwa sababu hujazaa, wala kwa sababu umezaa sana. Halikuletwa na jirani. Sindano ya uzazi wa mpango haileti fibroidi, ingawa najua mmeambiwa hivyo saluni. Linalishwa na homoni zako za kike, ndiyo maana hukua miaka ya uzazi na kusinyaa hedhi ikikoma.

Na ni letu sote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 uliwapiga wanawake ultrasaundi, wenye dalili na wasio na dalili, ukaona kwamba kufikia miaka 50 zaidi ya 80 katika kila 100 ya wanawake weusi wana fibroidi, na kwa wazungu ni karibu 70. Wengi wao hawajui na hawahitaji tiba yoyote. Kinachosumbua ni mahali lilipoota. Fundo lililo nje ya kizazi laweza kuwa kubwa kama embe dodo na lisimwage tone. Fundo dogo kama zabibu, likichungulia ndani pale utando wa hedhi unapoota, linaweza kukumaliza. Kwa hiyo mtu akikwambia "langu lilikuwa kubwa kuliko lako na sikutumia dawa", mwambie hongera, halafu uende ukapime la kwako.

Hapa sasa tuingie kwenye kichupa.

Tiba hii inaitwa homeopathi. Wengi mnadhani ni dawa za mitishamba za Kihindi, kwa sababu hapa kwetu mmeiona kwenye maduka na zahanati za Wahindi, na ni kweli India wanaifundisha hadi vyuoni. Lakini asili yake ni Ujerumani. Aliyeianzisha ni daktari Samuel Hahnemann, aliyezaliwa 1755. Na hadithi ya mwanzo wake, niwaambie, inagusa milima yetu hii.

Mnaijua Amani, kule Usambara, juu ya Muheza. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, miongoni mwa miti waliyoipanda ni mkwinini, ule mti ambao gome lake hutoa kwinini ya malaria. Miaka mia moja na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1790, Hahnemann alilichukua gome la mti huo huo akalinywa hali ya kuwa mzima, ili aone litamfanya nini. Akajisikia baridi, moyo ukadunda, akaona dalili zinafanana na homa yenyewe. Akahitimisha: kumbe gome hili linatibu homa kwa sababu linaleta kitu kinachofanana na homa. Akajenga juu ya hapo kanuni kwamba kinachofanana hutibu kinachofanana.

Leo tunajua kwinini inafanyaje kazi. Inamuua mdudu wa malaria ndani ya damu. Kufanana hakumo. Na ili imuue, lazima iwepo ya kutosha. Nani hapa hajawahi kunywa kwinini? Masikio yalivuma au hayakuvuma? Yalivuma kwa sababu dawa ilikuwemo mwilini kweli.

Jambo la pili la Hahnemann ndilo linalonipa shida zaidi. Alisema dawa inapata nguvu kwa kuchanganywa na maji au spiriti na kutikiswa, tena na tena. Chukua tone moja la dawa, weka kwenye matone 99 ya maji, tikisa. Hiyo ni mara ya kwanza. Kutoka hapo chukua tone moja, weka kwenye matone 99 mengine, tikisa. Mara ya pili. Endelea hadi mara ya 13. Mnajua mmefika wapi? Ni sawa na kudondosha tone moja katika maji yanayozidi bahari zote za dunia hii. Si Bahari ya Hindi peke yake, bahari zote. Sasa geuza kichupa chako usome lebo. Kimeandikwa 30C. Wamefanya hivyo mara 30. Kingine kimeandikwa 200C. Halafu maji hayo yananyunyiziwa juu ya punje za sukari, yanakauka, unapewa.

Na ni dawa gani waliyoanza nayo? Kwa mwanamke anayetoka damu nyingi, mara nyingi wanatoa ile inayoitwa Sepia. Sepia ni wino wa ngisi. Nyinyi wa Deep Sea na Sahare mnaomsafisha ngisi kila jioni, wino mnaumwaga! Nyingine inaitwa Calcarea carbonica, hiyo ni gamba la chaza. Nyingine Sabina, kutoka mti wa Ulaya. Simcheki mtu. Dawa nyingi za kweli zimetoka baharini na msituni. Ninachosema ni kwamba katika punje ya 30C wino wa ngisi haumo. Wameumaliza kwa kuuchanganya. Kilichobaki mdomoni mwako ni sukari.

Je, labda inafanya kazi kwa njia tusiyoijua? Ni swali la haki, na limeulizwa kwa bidii. Australia, baraza lao la taifa la utafiti wa afya lilikusanya tafiti 176 juu ya magonjwa na hali 61, likatoa jibu mwaka 2015: hakuna hata hali moja ambayo ushahidi wa kuaminika umeonyesha homeopathi inafanya kazi. Uingereza, ambako ilikuwa na hospitali zake na ikilipiwa na serikali kwa miaka mingi, huduma ya afya ya England mwaka 2017 ilielekeza madaktari waache kuiandika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa tahadhari isitumike kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, mafua makali wala kuhara kwa watoto. Na kwa fibroidi zinazomwaga damu, mimi sijaona utafiti uliopangwa sawasawa ulioonyesha kwamba punje zile zimepunguza damu au zimesinyaza uvimbe.

Najua mtakaloniuliza. Mbona fulani alipona?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wanaotoa ushuhuda hawasemi uongo. Nilikuwa na binti mmoja kliniki, mwalimu wa chekechea, niliyemwomba aandike idadi ya pedi kwa miezi minne kabla hatujaanza tiba yoyote. Mwezi wa kwanza 22. Wa pili 31. Wa tatu 19. Wa nne 27. Dawa hakunywa hata chembe. Sasa fikirini: mwanamke anatafuta tiba lini? Mwezi wa pedi 19, au mwezi wa pedi 31? Anatafuta akiwa kwenye 31, amechoka, analia. Anapewa kichupa. Mwezi unaofuata zinakuja 19, maana zingekuja 19 hata angelamba sukari ya dukani. Atasema nini? Atasema nimepona, na atasema kwa moyo safi. Ataniletea shoga yake na yeye apewe.

Ongeza na hili: mwenye miaka 48 anayekaribia kukoma hedhi, fibroidi yake itasinyaa yenyewe. Aliyejifungua, wakati mwingine uvimbe hupungua baada ya uzazi. Na aliyekunywa punje nyeupe pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, akipata nguvu, sifa anaipa nani? Anaipa ile aliyoilipia zaidi.

Kulikuwa na mama ntilie, mchapakazi, tulikuwa tukinunua kwake chapati kazini. Alipewa vichupa vitatu akaambiwa asichanganye na dawa za hospitali zisije zikaharibu nguvu yake. Mwezi wa kwanza ukawa mwepesi. Wa pili mwepesi. Akaacha kliniki, akaacha vidonge vya madini ya chuma. Mwezi wa tatu alianguka mbele ya jiko, na kwa bahati ya Mungu alianguka upande wa ukuta, si upande wa moto. Damu yake ilikuwa nne. Aliongezewa chupa tatu, na ya tatu ilitoka kwa kijana muuza maji asiyemjua. Vile vidonge vyeupe havikumdhuru. Sukari haimdhuru mtu kwa kiasi kile. Kilichomdhuru ni miezi mitatu aliyoambiwa asubiri.

Na mengine yanauzwa kwa jina la homeopathi kumbe yana dawa kali ndani. Marekani mwaka 2017 mamlaka yao ya dawa ilikuta vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno vina beladona, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana kati ya kidonge na kidonge. Basi usiseme "haina madhara" kabla hujajua kilichomo. Nasema haya hata zaidi kwa zile chupa za "kusafisha kizazi" na "kuyeyusha uvimbe bila upasuaji" mnazoletewa kwenye simu. Hizo hata wenyewe hawajui kilichomo.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema watu wa homeopathi hawana lolote la kutufundisha.

Wakati wa Hahnemann madaktari wa Ulaya walikuwa wanawakata wagonjwa mishipa wamwage damu, na kuwanywesha zebaki. Kipindupindu kilipoingia London mwaka 1854, hospitali ya homeopathi ilipoteza wagonjwa 16 hivi katika kila 100, na hospitali nyingine karibu nusu. Kwa nini? Matone yao hayakuua kipindupindu. Lakini hawakuwamwaga watu damu, waliwauguza kwa upole na usafi. Asiyekuongezea jeraha amekusaidia.

Sasa nijiulize mimi na wenzangu wa vazi jeupe: je, sisi hatujawaongezea jeraha? Yule mshonaji wa damu tano, nilipomfuatilia, niligundua alishawahi kwenda kituo kimoja cha afya miaka miwili kabla. Alikaa foleni tangu asubuhi, akaingia, akasema natoka damu nyingi. Akaambiwa hayo ni mambo ya kike, vumilia, ukizaa yataisha. Dakika tatu. Hakupimwa hata kidole. Mtu wa homeopathi anakukalisha saa nzima. Anauliza unalalaje, unaota nini, unapenda chumvi au sukari, unamkasirikia nani, mwezi wako unaanzaje, una rangi gani. Nani mwingine amewahi kumuuliza mwanamke wa Tanga hayo yote? Mtu anatoka pale amepona nusu kwa kusikilizwa tu, na mimi sina haki ya kulidharau jambo hilo. Nina haki ya kuona aibu.

Namfahamu mmoja wa hao, mtu muungwana. Akija mwanamke wa damu nyingi humwambia: nenda kapime damu na ultrasaundi kwanza, ukiwa chini ya kumi sikugusi, nenda hospitali. Huyo namheshimu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na baraza lake linasajili waganga. Cheti kile ukutani kinakwambia mtu huyu anatambulika. Hakikwambii kwamba kidonge chake kinakausha damu.

Basi kama si punje nyeupe, ni nini? Au natoka hapa nikiwaachia kisu peke yake?

Hapana. Nataka niwasimulie juu ya Utako Okamoto. Mwanamke wa Kijapani, daktari, mtafiti. Baada ya vita kuu ya pili, Japani ikiwa maskini, yeye na mumewe waliamua kutafiti damu. Hakuwa na wa kumlelea mtoto, alimbeba mgongoni ndani ya maabara, kama tunavyowabeba sokoni. Alitaka kuzuia vifo vya wazazi wanaotokwa damu baada ya kujifungua. Mwaka 1962 walichapisha dawa inayoitwa asidi ya traneksamiki. Kazi yake ni moja: inalizuia bonge dogo la damu linaloziba kimshipa lisiyeyuke mapema. Wakunga na madaktari wa wakati wake hawakumsikiliza ipasavyo. Mwaka 2017 ndipo matokeo ya jaribio kubwa yalipotoka, akina mama elfu ishirini katika nchi 21, Tanzania na Kenya zikiwemo. Waliopewa dawa hiyo ndani ya saa tatu za kuanza kutoka damu, vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi. Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, ana miaka 98.

Dawa hiyo hiyo kwa vidonge hutumika kwenye hedhi nzito. Unaimeza zile siku za damu tu, na kwa wengi hupunguza theluthi hadi nusu. Haina homoni, haizuii mimba, haiondoi fibroidi, inapunguza damu. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni hatumii, ndiyo maana lazima uandikiwe na daktari. Oneni tofauti: hii ukiihesabu kwenye daftari la pedi, tarakimu zinashuka na zinabaki chini, kwa wanawake wengi, nchi nyingi.

Yapo mengine. Ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo, hupunguza damu na maumivu, aspirini isitumike. Kipo kitanzi chenye homoni, ambacho ni tofauti na kile cha shaba, maana cha shaba kinaweza kuongeza damu. Wakati mwingine fibroidi ikiwa imepinda chumba cha kizazi kitanzi hutoka chenyewe, kwa hiyo apimwe kwanza. Vipo vidonge vya homoni, na sindano za kusinyaza uvimbe kwa muda kabla ya upasuaji.

Na kisu chenyewe si kimoja. Kutoa mafundo na kukiacha kizazi ni upasuaji mmoja. Kutoa kizazi ni mwingine. Fundo linalochungulia ndani linaweza kutolewa kwa kupitia njia ya uzazi, bila kupasua tumbo. Na Mfaransa Jacques Ravina, Paris, mwaka 1995 aliandika juu ya kuziba mishipa inayoilisha fibroidi kwa chembe ndogo zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja. Alikuwa anafanya hivyo ili wagonjwa wasitoke damu nyingi kwenye upasuaji uliokuwa unawasubiri. Baadhi wakapata nafuu hata upasuaji wenyewe ukaahirishwa. Huduma hiyo imefika Afrika Mashariki, katika hospitali chache kubwa. Ulizeni. Mkiambiwa "dawa yake ni kutoa kizazi tu", ulizeni tena, kwa adabu, lakini ulizeni. Na mwanamke aliyemaliza uzazi akaamua mwenyewe kitolewe, asiitwe mfuko mtupu. Yule mshonaji alikitoa. Kile kiti chake sasa anakalia mteja yeyote.

Madini ya chuma msiyasahau, hata mkisubiri tiba nyingine. Juisi ya rozela na bitiruti ni tamu, nami nakunywa, lakini rangi nyekundu peke yake hairudishi damu. Kuleni maini, dagaa, maharage, na mkamulie ndimu. Ile chai yetu ya rangi iache ikae mbali na chakula, saa moja au mbili, maana inazuia madini kuingia. Aliyepungukiwa kweli, chakula hakitamtosha. Anahitaji vidonge na avimeze kwa miezi, hata baada ya kujisikia vizuri, kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Choo kitakuwa cheusi. Msiogope.

Na wapo ambao sitaki wasubiri hata Jumatatu. Unayeloanisha pedi nzima kila saa kwa zaidi ya saa mbili. Unayezimia. Uliyekoma hedhi kisha damu ikarudi. Unayetoka damu baada ya tendo la ndoa. Hao wawili wa mwisho tusiwaambie fibroidi kwa kubahatisha, wapimwe mlango wa kizazi na kizazi chenyewe. Uliye na mimba au unadhani unayo, ukatoka damu, hospitali leo leo.

Wale watatu walioniuliza, mnaniona nawaangalia wote ili nisimwangalie mmoja. Sikuwaambia mtupe vichupa. Nimewaambia: ukitaka kulamba, lamba, ni hela yako. Lakini usiache kupima, usiache madini ya chuma, na usimpe mtu yeyote miezi yako mitatu kwa neno la mdomo. Ukurasa wa mwisho wa daftari la kikoba mweka hazina ameshautia mistari: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, pedi, mabonge. Majina hayataandikwa, ni namba tu, na ufunguo wa sanduku ninao mimi.

Nimekuja na mashine ya kupima damu na vijiti 40, muuguzi kijana yule pale kwenye meza ya dirishani. Ni tone moja la kidole. Waliotafuna udongo au barafu wiki hii watangulie, tena msimtazame anayeinuka. Nami nitakuwa wa kwanza, ili mwone hakiumi.